Shoka Linalolia

Chuma cha shoka kilichomoka kikiwa juu ya kichwa changu, na sikujua hadi mikono iliposhuka ikiwa myepesi. Mpini mtupu ulipiga gogo ukatoa mlio mkavu, kama wa mtu anayebisha hodi mlangoni. Nilibaki nimeinama, nimeushika kwa mikono miwili, macho yakitafuta kitu ambacho muda mfupi tu uliopita kilikuwa mkononi mwangu. Kisha nikasikia sauti ya mpwa wangu ikitokea nyuma.

"Mjomba, shoka limeruka."

Alikuwa amechuchumaa, ameshika vibanzi alivyokuwa akiviokota kwa ajili ya kuwashia moto. Chuma kilikuwa kimejichimbia ardhini, makali chini, hatua mbili kutoka alipokuwa. Hakuwa ameogopa. Alinitazama kwa udadisi, kana kwamba nimefanya jambo la ustadi na anasubiri nilirudie.

Ana miaka saba.

Nilizihesabu hatua hizo mbili jioni ile, nikazihesabu tena asubuhi, na kwa wiki sita zilizofuata haikupita siku bila miguu yangu kusimama pale na kuzipima upya. Mara nyingine zilikuwa mbili kamili, mara nyingine mbili na nusu. Nimeandika makala haya kwa sababu kuhesabu kumeshindwa kunitua.

## Ndoo ya maji

Kilichonisumbua hakikuwa kuchomoka kwa shoka. Shoka lolote lenye mpini wa mti linaweza kuchomoka. Kilichonisumbua ni kwamba nilijua kwa zaidi ya mwezi mzima kuwa linalegea, na kila jioni nilikuwa nikilishughulikia.

Nililishughulikia kwa ndoo. Nikimaliza kuchanja kuni nililisimamisha kichwachini ndani ya maji, chuma chote kikiwa kimezama, na asubuhi nililikuta limebana kana kwamba limetiwa mpini jana yake. Nililitikisa, nikaridhika, nikaendelea na kazi. Njia hii inajulikana na karibu kila mtu aliyewahi kushika jembe au shoka, nami niliijua tangu utotoni. Haikuwahi kunijia kuuliza inafanya nini hasa.

Nilipouliza, jibu lilininyima usingizi. Mti mkavu ukikutana na maji, kuta za chembe zake huyanywa na kunenepa. Mpini haurefuki kwa kiasi cha kuonekana, kwa kuwa nyuzi za mti hubadilika kidogo mno kwa urefu, lakini kwa upana hupanuka. Sasa, ndani ya tundu la shoka hakuna mahali pa kupanukia. Pande zote ni chuma, na chuma hakisogei. Kwa hiyo mpini hujibana wenyewe hadi nyuzi zake za pembeni zikapondeka, na nyuzi zikishapondeka hazirudi katika umbo lake la awali. Mchana unapofika, jua likayaondoa maji yale, mpini husinyaa, na safari hii husinyaa ukianzia kwenye mwili uliokwisha kupunguzwa. Unatoka ukiwa mwembamba kuliko ulivyoingia ndooni.

Kila usiku wa ndoo ulinipa asubuhi moja ya shoka lililokaza, na ukachukua kipande kidogo cha mpini ambacho hakingerudi.

Niliuchunguza mpini ule kwa muda mrefu, nimeukalisha mapajani. Sehemu iliyokuwa ndani ya tundu ilikuwa nyeusi, weusi wenye ubuluu kama wa wino, na hilo halikuwa sadfa: chuma kikikutana na tanini, ile dutu yenye ukakasi iliyo ndani ya mti, mahali penye maji hutoa rangi hiyo, na wino wa kale wa kuandikia ulitengenezwa kwa mchanganyiko wa namna hiyo hiyo. Pembeni, mahali palipokuwa pakisuguana na chuma, palikuwa laini na pakavu, panang'aa kama kiti cha zamani. Kabari ilikuwa bado imesimama katikati. Niliubonyeza mti kwa ukucha wa kidole gumba karibu na kabari hiyo, na ukucha ukaingia. Kwa nje mpini ulikuwa mgumu kama siku zote. Ndani ulikuwa umeanza kuoza. Kuvu wanaoozesha mti hawawezi kukua bila unyevu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwapelekea unyevu huo kila jioni, kwa mkono wangu mwenyewe, nikiamini kwamba natunza kifaa.

Laiti ningekuwa mzembe tu, ningejilaumu kwa uzembe na yakaisha. Lakini sikuwa mzembe. Sikukosa hata jioni moja.

## Mama alisikia

Mama hakuwepo nyumbani wakati lilipotokea. Aliporudi nilimweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, akauliza mtoto yuko wapi, akamwita, akampapasa kichwa na shingo kama anayetafuta homa. Kisha aliniambia jambo ambalo sikulijua. Kwa wiki kadhaa, kila aliponisikia nikianza kuchanja, alikuwa akimwita mtoto ndani. Mara amletee maji, mara amtafutie sindano iliyoanguka. Niliyaona hayo yote kwa macho yangu, na nilidhani ni bibi anamdekeza mjukuu wake.

"Shoka lilikuwa linalia," alisema. "Nilikwambia, mwanangu."

Alikuwa ameniambia kweli. Alipita na beseni la nguo, akasema bila kusimama, "Mwanangu, hilo shoka linalia." Nikamjibu, "Ndiyo mama, nitalilowesha." Nikalilowesha.

Tangu hapo nimejifunza kuusikia mlio huo. Shoka lililokaza likipiga gogo hutoa mlio mmoja, mzito na mfupi. Lililolegea hutoa miwili: ule wa makali kuingia kwenye mti, na papo hapo, nyuma yake, mgongano mdogo wa chuma na mpini. Anayelitumia ni vigumu kuusikia huo wa pili, maana humezwa na mtikisiko wa mikono yake mwenyewe. Lakini kwa mtu aliye jikoni, aliyesikia kuni zikichanjwa maisha yake yote, mlio huo unasikika wazi kama kikohozi cha mgonjwa chumba cha pili.

Nilijiuliza kwa siku nyingi kwa nini hakuniambia mara ya pili. Mwishowe nilimuuliza, kwa sauti ya chini, tukiwa wawili tu. Alisema aliona ninalihangaikia. Kila jioni aliiona ile ndoo.

Ndoo ilimnyamazisha yeye kama ilivyonituliza mimi.

## Maji yale yale

Siku tisa zilizofuata sikuchanja kuni. Tulimaliza zilizokuwa zimekwisha kuchanjwa ndogo za kuingia jikoni, kisha nikawa naenda kuokota zinazovunjika kwa mkono au kwa mguu, na nikirudi na tita begani nilikuwa na muda mwingi wa kufikiri.

Anayeokota kuni hutafuta jambo moja tu, nalo ni ukavu. Anautambua kwa nyufa za ncha zilizoachana kama miale, kwa gome linalobanduka bila kulazimishwa, kwa wepesi usiolingana na ukubwa. Anautambua pia kwa sikio. Gonganisha kuni mbili: zilizokauka hulia kwa mlio mkali na safi, mbichi hutoa mlio bubu usiofika mbali. Nilikuwa nimelijua hilo tangu nikiwa na umri wa mpwa wangu. Nikiwa pale porini, na kijiti kimoja kila mkono, niliona aibu kwamba sikio langu lilijua kuuliza swali hilo kwa kuni na halikuwahi kuliuliza kwa shoka.

Mwanzoni mwa kiangazi nilikuwa nimeuweka alama ukuni mmoja uliochanjwa siku ile ile mti ulipokatwa, nikaupima. Ulikuwa kilo 3. Miezi mitano baadaye, siku chache baada ya mkasa wa shoka, niliupima tena ukawa kilo 2.1. Maji yenye ujazo wa karibu lita moja yalikuwa yametoka ndani ya ukuni mmoja usiozidi unene wa paja, polepole, bila mtu kuyaona yakitoka.

Nilitaka kujua maji hayo yangetugharimu nini jikoni, kwa hiyo nilikaa chini nikapiga hesabu. Kilo 1 ya mti mkavu kabisa ina takriban megajuli 18 za nishati. Kuyapasha maji kilo 1 kutoka ubaridi wa kawaida na kuyageuza yote kuwa mvuke huchukua takriban megajuli 2.6. Ukichukua kilo 1 ya kuni mbichi ambayo nusu yake ni maji, basi nusu ya mti inatoa megajuli 9, na nusu ya maji inachukua 1.3. Ni kama sehemu moja ya saba tu. Hesabu hiyo ilinishangaza, hata nikairudia. Yeyote aliyewahi kukoka kuni mbichi anajua kwamba hasara yake ni kubwa kuliko sehemu moja ya saba.

Hasara iko kwingine. Mti hauwaki kama mti. Ukipata joto hutoa gesi, na ndimi za moto tunazoziona ni gesi hizo zikiungua. Ili ziungue vizuri zinahitaji joto la takriban digrii 600 za Selsiasi. Sehemu ya ukuni ambayo bado ina maji, kwa upande wake, haipandi juu sana ya digrii 100 mpaka maji hayo yaishe. Moto unakuwa baridi mno kwa gesi zake wenyewe, nazo hupanda zikiwa hazijaungua. Huo ndio moshi: ni kuni iliyotoka jikoni bila kuungua. Sehemu yake hubaki darini kama masizi, nyingine huingia machoni na kifuani mwa mtu aliyeinama mbele ya jiko. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana zaidi na kupikia kwa kuni, mkaa na nishati nyingine za moshi, ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Aliyeinama mbele ya jiko letu ni mama, na kikohozi chake cha asubuhi nakijua.

Kwa hiyo nilikuwa nimejifunza, kwa nia njema kabisa, kuyachukia maji ndani ya kuni. Nilichanja mapema ili sehemu kubwa ya mti ikutane na hewa. Nilikata vipande vifupi, kwa kuwa maji hutoka kwa kasi kubwa zaidi kwenye ncha zilizokatwa kuliko ubavuni. Nilizipanga juu ya uchaga zisiguse ardhi, nikafunika juu tu na kuacha pande wazi upepo upite. Yote haya niliyafanya sawasawa, na kiangazi kilikuwa kirefu na kikali, na kuni zikakauka vizuri kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka.

Na kiangazi hicho hicho kilikuwa kikikausha mpini.

Sijui kama ninaweza kueleza jinsi jambo hili lilivyonisimamisha njiani. Nilikuwa na tita begani na nililitua chini. Kilichokuwa kikizifanya kuni zangu ziwe njema ndicho kilichokuwa kikililegeza shoka langu, siku zile zile, katika upepo ule ule, na mimi nilishukuru upande mmoja huku nikipigana na upande wa pili kwa ndoo. Mpini uliotengenezwa kwa mti mkavu usingenihitaji nipigane. Ungekuwa umekwisha kusinyaa kabla ya kuingia kwenye tundu. Mpini ule nilikuwa nimeutia mwenyewe, miaka miwili nyuma, kwa tawi nililolikata asubuhi na kulichonga jioni, kwa sababu nilikuwa na haraka.

Wahenga walisema shoka lisilo mpini halichanji kuni. Nililisikia hilo mara nyingi nikidhani linahusu ushirikiano wa watu. Siku hizo lilikuwa linahusu shoka.

## Waliosema nilipashe moto

Nilipewa ushauri wa namna mbili. Wa kwanza ulikuwa ninunue jipya. Niliufikiria, lakini shoka jipya nalo lina mpini wa mti, na chuma cha la zamani hakikuwa na kosa lolote.

Ushauri wa pili ulitoka kwa mtu ninayemheshimu, na kwa siku mbili nilikaribia kuufuata. Alisema nikitie chuma motoni mpaka kiive, kipanuke, kisha nikisukume kwenye mpini kikiwa cha moto, kikipoa kitabana. Linasikika kuwa jambo la akili, na kwa vyuma viwili mafundi hufanya hivyo kweli. Lakini tundu lenye urefu wa milimita 60, likipanda kwa digrii 200, hukua kwa kama milimita 0.14 tu, na mti unaoguswa na chuma chenye joto hilo huungua na kupoteza zaidi ya kiasi hicho. Mbaya zaidi ni kinachotokea kwenye makali. Ugumu wa makali ya shoka hupatikana kwa kukipasha chuma hadi kiwe chekundu, kukipoza ghafla, kisha kukipasha tena kwa joto la chini, mara nyingi kati ya digrii 200 na 300. Moto wa kuni unapita hapo kwa mbali. Shoka lililolala kwenye makaa hutoka likiwa laini, na halishiki tena makali hata ulinoe mchana kutwa. Nina panga lililoharibiwa hivyo. Nilikuwa nimelisahau nyuma ya banda, na nilipolikumbuka nilimshukuru mzee yule na kuacha.

## Nguzo ya uchaga

Nilihitaji mti mkavu, mnyoofu, usio na fundo, wenye urefu wa mkono mzima na ziada kidogo. Tulikuwa na kuni za kutosha miezi mingi, na sikuwa na kipande kama hicho. Kila tawi jema lililowahi kupita mikononi mwangu nilikuwa nimelikata vipande vya kuingia jikoni.

Nilipekua rundo lote. Niliinua, nikatazama, nikarudisha. Vipande vizuri vilikuwa vifupi. Virefu vilikuwa na mafundo au nyuzi zilizojisokota. Ilipokaribia magharibi ndipo nilipoona kwamba kitu nilichokuwa nimekishika kwa mkono wa kushoto ili nisianguke kilikuwa nguzo ya pembeni ya uchaga: nusu ya mti mwembamba uliopasuliwa katikati, nilioutia pale zaidi ya mwaka mmoja na nusu uliopita ili rundo lisimwagike. Niliugonga kwa kijiti ukalia. Ili kuutoa ilibidi nishushe rundo lote na kulipanga upya, kazi iliyochukua siku iliyofuata tangu asubuhi hadi mchana, na mpwa wangu akinipokeza kuni moja moja.

Jambo la kwanza katika mpini ni mwelekeo wa nyuzi. Kipande kilichopasuliwa ni bora kuliko kilichopasuliwa kwa msumeno, kwa sababu mpasuko hufuata nyuzi zenyewe ilhali msumeno hufuata mkono wa mtu. Nyuzi zikikimbia kutoka ncha hadi ncha, mpini hupinda na kurudi. Zikitoka nje ubavuni, hapo ndipo utakapovunjika. Niliupunguza kwa panga, nikauchonga, kisha nikaumalizia kwa kuukwangua kwa kipande cha kioo kilichovunjika, ambacho hutoa nyuzi nyembamba kama karatasi na kuacha mti ukiwa laini kuliko msasa unavyoweza.

Msumeno wetu wa zamani nao ulinichelewesha nusu siku. Ulikuwa unakwama kila nilipojaribu kuukata mfereji wa kabari, nikadhani ni butu, kumbe meno yake yalikuwa yamelala. Meno ya msumeno hupindwa kidogo, moja kulia na moja kushoto, ili njia inayokatwa iwe pana kuliko bapa lenyewe. Niliyapanga upya moja baada ya jingine kwa koleo na kuyapitishia tupa, na baada ya hapo ulikata bila kulalamika.

Kisha ikafika hatua niliyoiogopa, ya kukalisha chuma. Nilishika mpini katikati kwa mkono mmoja, shoka likiwa linaning'inia chini bila kugusa kitu chochote, na kwa mkono wa pili nikapiga kitako cha mpini kwa nyundo ya mti. Kila pigo, chuma kilipanda juu. Mpwa wangu alisimama akitazama, safari hii mahali nilipomwonyesha, na akauliza swali ambalo ningestahili kuliuliza miaka thelathini iliyopita.

"Mbona kinapanda na hakuna anayekivuta?"

Nilimwambia kwamba chuma hakipandi. Kilo moja na nusu ya chuma iliyotulia inataka kubaki ilipo. Pigo linaushusha mpini ghafla, na chuma kinachelewa kuufuata. Alifikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo mpini ndio unaoshuka." Nikamwambia ndivyo.

Baadaye usiku nilielewa kwamba nilikuwa nimemweleza pia siku ile nyingine. Chuma kile kilikuwa kikiendelea na safari yake huku mikono yangu ikigeuza mpini kuurudisha mbele. Chuma kinachochomoka hufuata njia ya pigo, kwa mbele au kwa nyuma, na ndiyo maana sasa mtoto hukaa ubavuni, hatua kumi au zaidi, nyuma ya mstari niliouchora ardhini, na siinui shoka kabla ya kumwona hapo kwa macho.

Mpini ulipotokeza kwa juu kwa unene wa kidole kidogo nilipigilia kabari, nayo ya mti mkavu kuliko mpini wenyewe, hadi ikakataa. Niliupaka mafuta ya kitani, yanayoingia ndani ya mti na kugandia humo. Anayefanya hivyo asikunje kitambaa alichopakia na kukitupa pembeni: mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofungamana kinaweza kuwaka chenyewe. Changu nilikitandaza juu ya jiwe, nje, mpaka kikawa kigumu.

## Mstari wa penseli

Nimechora mstari mwembamba wa penseli mahali mpini unapokutana na chuma. Chuma kikisogea hata kidogo mstari utaonekana umeachana na ukingo. Nautazama kila mara kabla ya kuanza kazi. Katika kona moja, upande wa nyuma, kuna uwazi mdogo ambao karatasi inaweza kuingia. Ulikuwepo tangu siku ya kwanza, kwa sababu pale nilichonga zaidi ya inavyotakiwa, na haujaongezeka. Ukiongezeka nitautoa mpini na kuanza tena. Kuna miti mitatu iliyolala juu ya uchaga sasa, imepasuliwa, ncha zake zimepakwa nta ili zisikauke haraka zikapasuka, na kila mmoja una mwezi na mwaka ulioandikwa kwa mkaa. Mtoto ndiye aliyeandika tarakimu.

Ndoo imerudi kuchotea maji.

Siku ya kwanza ya kuchanja nilimwomba mama atoke akae kibarazani. Nilimwambia sihitaji msaada, nahitaji masikio yake. Mtoto alikuwa nyuma ya mstari. Niliweka gogo, nikainua, nikapiga, likaachana vipande viwili vilivyoanguka kila kimoja upande wake. Niligeuka kumtazama.

Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, mkono mmoja nyuma ya sikio.

"Piga tena," alisema.